Machozi ya Wifi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta nyumbani au ndani ya gari, lakini popote itakapokukuta, naomba usiisome huku mwanafunzi wako wa udereva anaendesha.

Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, na ukuta wenyewe si mbaya, nimeshauzoea. Jirani wa juu anajifunza tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, na hata huo hajawahi kuumaliza. Mama aliniambia kwenye simu kwamba umemtukana askari wa barabarani. Baadaye akasema hapana, ni askari aliyekutukana wewe. Halafu akaanza kulia kwa kukuonea huruma, simu ikakatika. Nadhani ililowa.

Ndiyo maana naandika. Simu yako wewe ni pambo la mezani, na nikipiga ya mama, yeye husikia robo ya maneno na kutangaza yote. Nanyi mmepakana ukuta kwa ukuta tangu baba afariki, kwa hiyo hata nikimwambia siri yako atakupigia kelele dirishani kukuuliza kama ni kweli.

Sasa nina ombi la kikazi. Hapa maabara tunapima protini zilizomo ndani ya machozi. Tunataka kujua kama saratani ya matiti inaweza kugunduliwa mapema, kabla haijaanza kumsumbua mtu. Najua utauliza titi na jicho wapi na wapi. Nikueleze kwa lugha yako. Injini inapoanza kuharibika ndani, haigongi siku hiyohiyo. Lakini fundi mzuri akichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akaipaka oili kidoleni, anakuta vumbi la chuma. Injini bado inanguruma vizuri kabisa, ila oili imeshasema. Mwili nao ni hivyohivyo. Jambo likianza, protini fulani zinaongezeka, nyingine zinapungua, na habari hiyo inasafiri mpaka kwenye damu, mate, na machozi. Machozi ndiyo kijiti chetu.

Tunahitaji wanawake wenye umri wenu, kutoka miji mbalimbali. Nimewatumia vifaa: vikaratasi vyembamba kama utambi, kila kimoja na kichupa chake chenye namba. Unaweka ncha ya kikaratasi ndani ya kope la chini, unafumba macho, unakaa kimya, kinanyonya kidogokidogo. Kisha unakitia kichupani na kukipeleka kliniki siku hiyohiyo, wao wana barafu.

Hakuna kulia. Narudia kwa ajili ya mama: HAKUNA KULIA. Chozi la kilio limejaa maji, protini zinapotea humo kama chumvi mtoni.

Namba ni siri. Mimi siruhusiwi kujua ipi ni ya nani, na majibu yanakwenda kwa daktari wa kliniki yenu, hayaji kwangu. Tena si hukumu. Ni chujio tu. Anayekwama kwenye chujio anaitwa kupigwa picha ya matiti, ndipo ukweli unajulikana.

Nisaidie kumtuliza mama. Wewe peke yako ndiye unayemuweza.

Mwanao wa maabara

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeegesha, kwa hiyo usinifundishe kazi.

Sisi wazima. Paa la jikoni limezibwa. Paka wa mama yako amezaa ndani ya kapu langu la nguo safi, na mama yako anasema ni heshima. Nina mwanafunzi mpya, fundi cherehani, mtu mzima na ndevu zake, ambaye kila tukifika kwenye kona anafumba macho. Nikamuuliza, "Unafumba kwa nini?" Akasema, "Mwalimu, naogopa kuona." Nikamwambia kona haijali kama umeiona. Gari nalo linazeeka. Mkanda wa kiti umeanza kunikera, unanikata hapa kifuani, nimekunja taulo dogo nikaliweka chini yake. Magari ya siku hizi wanatengeneza mikanda laini, hili letu mkanda wake nadhani ulikuwa wa kufungia mizigo.

Haya, machozi yako.

Mama yako alikuja amejipamba kama anakwenda kuposwa. Wanja, poda, hereni, kilemba. Nikamuuliza, "Wifi, unakwenda wapi?" Akasema, "Kwenye sayansi." Akakaa kwenye kiti, akachukua yale maelezo yenu, akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika pale penye "asante kwa mchango wako," akaangua kilio. Asante moja tu! Nikampangusa. Nikamwekea kikaratasi. Akasema, "Kumbe mwanangu amegusa kikaratasi hiki kwa vidole vyake," kikaratasi kikaelea, kikateleza shavuni, kikaingia kwenye hereni. Cha pili kikaenda na maji vilevile. Nikaona huyu ataumaliza mzigo wako wote.

Nikajaribu kumsomesha alama za barabarani, maana hakuna binadamu aliyewahi kulia kwa alama za barabarani. Tulipofika kwenye "watoto wanavuka," akaanza tena.

Mwishoni nikamwambia kilemba chake kinafanana na chujio la chai. Hasira ikamkausha mpaka kooni. Akakaa wima, midomo imefungwa, nikakiingiza kikaratasi cha mwisho. Hata hivyo kililowa kabla sijaondoa mkono.

Mimi sasa. Mimi nilikaa na changu jichoni, nikamenya viazi, nikavikata, nikaviinjika, kikaratasi bado kinasubiri. Macho yangu yana ubahili, hilo unalijua tangu msiba wa baba yako, watu walisema nina moyo wa jiwe kumbe ni mabomba tu. Kilipata nusu, nikasema inatosha.

Kutia vichupani nimetia mwenyewe, maana mama yako alikuwa anakifunga upya kilemba kwa hasira. Kliniki nimepeleka mwenyewe. Ile siri yako ya namba imekwisha: mama yako ametangaza yake, kumi na tisa, mpaka kwa muuza mkaa, anasema ni namba ya bahati. Yangu siisemi.

Kula vizuri. Huyo wa tarumbeta mwambie apulize akiwa ametazama ukuta.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mashine ilikuwa na kazi nyingi, nami nilikuwa na kazi ya kuitazama. Wa tarumbeta amefuata ushauri wako. Sasa mlio unaupiga ukuta na kurudi, kwa hiyo nausikia mara mbili.

Nilicheka habari za mama mpaka mkuu wetu akatoka ofisini kwake. Ni mzee mkimya, tunamwita Profesa Nukta, kwa sababu hajawahi kutumia maneno mengi kuliko yanayoenea kabla ya nukta moja. Akauliza, "Kuna nini?" Nikamsomea kipande cha "asante." Akasema, "Sampuli ngumu." Akarudi ndani. Hiyo kwake ni hotuba.

Shangazi, siwezi kuandika mambo ninayoyaona kazini. Niliapa, na ningetamani zaidi mama asingeitangaza namba ile. Ninachoweza kusema ni kwamba daktari wa kliniki yenu atamwandikia mtu mmoja hapo kwenu. Nakuomba siku hizi uwe karibu na mama. Msigombane habari za paka. Ukisikia amenyamaza, nenda kamwangalie.

Ni chujio tu, shangazi. Nilikuambia. Chujio hukamata hata kisicho na madhara.

Hujaniambia kama mkanda umeutengeneza.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua ya daktari imefika, na mtaa mzima umeshaisoma.

Mama yako hakunyamaza hata kidogo, kwa hiyo ule ushauri wako wa kumsikiliza akinyamaza haukunifaa. Aliifungulia mlangoni. Inasema namba kumi na tisa iende ikapigwe picha. Haisemi kingine. Lakini mama yako aliisoma kama hati ya mazishi. Alipiga yowe moja, paka wote wakahama kapu langu, hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata.

Siku ya pili yake akaanza kugawa vitu. Masufuria makubwa kwa mke wa muuza mkaa. Redio kwa yule kinyozi wa kwenye kona, kwa sababu siku moja alimpisha kwenye foleni. Viti vinne kwa watu wanne, kila mtu kimoja, "ili mkikaa mnikumbuke." Mimi nikapewa kabati la vyombo. Nikamwambia, "Wifi, kabati halipiti mlangoni kwangu." Akasema, "Basi utabomoa mlango, utanikumbuka vizuri zaidi."

Kisha akaanza kusamehe. Hilo ndilo lilikuwa baya. Alizunguka nyumba kwa nyumba anasamehe watu, wengine hawajui walichokosa. Alimsamehe mwenye duka kwa kupunja sukari, na mwenye duka akasema hajawahi, wakagombana, akamsamehe na kwa ugomvi huo. Kwangu alikuja jioni ya Jumapili, akakaa kwenye ngazi.

"Wifi," akasema, "nimekusamehe."

"Nimekosa nini?"

"Ulimwambia kaka yako asinioe. Ulimwambia mimi ni mvua isiyo na msimu."

Mwanangu, nilikuwa nadhani hajui. Amelijua hilo miaka yote na ananiletea mboga kila wiki. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kiberiti.

Halafu akajaribu nguo ya kuzikwa. Akauliza kama inamnenepesha. Nikamwambia wafu hawatazamwi kiuno. Akaninunia.

Sasa nisikilize. Usiwe na wasiwasi juu ya mama yako. Hana kitu. Mimi nakwambia hana kitu. Usiniulize najuaje. Kula, lala, fanya kazi yako.

Gari lipo. Usiulizie ulizie mikanda.

Shangazi yako

10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za tarumbeta wala za dirisha.

Unasema hana kitu, nami nakushukuru kwa moyo huo, lakini moyo si mashine ya picha. Nimeshindwa kula. Juzi niliweka kikombe cha chai ndani ya friji ya sampuli na sampuli mezani, Profesa Nukta akavibadilisha, akaniletea kiti. Mama akinipigia ananicheka, ananiambia amechagua nyimbo za msiba wake na kwamba mimi nisivae ile nguo ya kijani kwani hainipendezi. Nikikata simu nakaa chooni.

Naomba uende naye kwenye picha. Usimwache aende peke yake, ataugawa hata mkoba njiani. Mwambie haiumi sana, inabana tu kwa muda mfupi. Mwambie hata ikionekana kitu, kikiwa kidogo namna hiyo watu wanapona, wanarudi kazini, wanagombana na mawifi zao kama kawaida. Kazi yetu yote hapa ni kwa ajili ya hilo: kukikuta kingali kidogo. Kinachoua ni kuchelewa.

Mwambie, na nawe usikie.

Mwanao

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amepigwa picha. Yuko safi. Daktari amesema matiti yake ni ya kutolewa mfano. Mama yako amekuwa akiirudia sentensi hiyo sokoni, nimemwomba aache.

Sasa anazunguka kudai vitu vyake. Kinyozi amekataa kutoa redio, anasema aliyempa alikuwa marehemu. Viti vitatu vimerudi. Masufuria yamerudi na ukoko. Mke wa muuza mkaa amemwambia, "Mama, ukifa tena tuambie mapema tusioshe vyombo."

Basi imekwisha. Chujio lenu lilikosea. Usiniandikie tena habari za machozi, zimetuchosha.

Fundi cherehani amefeli mtihani.

Shangazi

15 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umesema nisiandike habari za machozi, na tangu nikiwa mtoto sijawahi kukukaidi, isipokuwa ile siku ya baiskeli. Leo ni mara ya pili.

Mama alipopatikana yuko safi, nilifurahi nikarukaruka mpaka wa tarumbeta akagonga sakafu kulalamika. Yeye! Kisha nikakaa. Chujio hukosea, ni kweli. Lakini protini za namba ile zilikuwa zimepanda mno, halikuwa kosa la kubahatisha. Nikamwendea Profesa Nukta, nikamwambia ukweli: najua namba ya mama, kwa kosa la mama. Nikaomba tuangalie mabaki ya kikaratasi namba kumi na tisa.

Kililowa nusu tu.

Nikakitazama mpaka macho yakauma. Mama yangu, anayelia akiona jogoo amechelewa kuwika, atoe nusu ya kikaratasi? Mama anayelilia alama za barabarani? Profesa akatoa kichupa kingine kilichotoka kliniki yenu siku hiyohiyo. Hicho kikaratasi chake kimelowa mpaka juu, kimevimba, na kwenye ncha kina doa jeusi. Profesa akakiweka chini ya hadubini, akainua kichwa. Akasema, "Wanja."

Shangazi, wewe hujawahi kupaka wanja maisha yako yote. Ulisema wanja ni grisi ya watu wasio na gari.

Sikuulizi vichupa vilibadilishanaje. Sikuulizi kwa nini ulijua mama hana kitu. Sikuulizi hata taulo lile chini ya mkanda linakinga nini, na limeanza kukinga tangu lini. Nimelia, na machozi yangu hayakufaa kwa kipimo chochote.

Nakuomba kitu kimoja. Nenda kwenye ile picha. Nenda wewe.

Mwanao

20 Julai

Shangazi,

Kimya chako kimefika. Nimekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, na sikukubaliana nacho.

Sitaandika mengi. Barua hii ikikufikia na bado hujaenda, nampigia mama namweleza kila kitu. Wewe unamjua mama. Atatangaza mpaka kwa kinyozi, kupitia redio yake mwenyewe. Watakuja watu kukupa pole usiowajua. Utaimbiwa.

Nakupenda. Nenda.

Mwanao

28 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Vitisho vyako vilifika nikiwa nimeshatoka hospitali, kwa hiyo umepoteza stempu bure.

Naandika kwa shida, mkono wa upande wa kushoto bado unavuta na huu wa kulia nao unamhurumia mwenzake. Usianze kulia. Nakueleza kwa mpangilio.

Vichupa vilibadilishana kwa sababu giza lilikuwa limeingia nami sikuwa na miwani. Andika hivyo huko kwenu. Kama yupo atakayesema ilikuwa saa tano asubuhi na jua linawaka, mwambie aje aniulize mwenyewe.

Barua yako ya wanja niliiweka chini ya kiti cha gari. Nikaendesha nayo. Nikafundisha watu nayo. Kila tukipiga tuta, naisikia. Halafu siku moja mama yako alikuwa anaanika nguo upande wake wa ua, anaimba, ameipigia pasi ile nguo ya kuzikwa na kuifanya ya kutokea, nikaona siwezi tena. Nikamwita.

"Wifi."

"Abee."

"Ile namba kumi na tisa haikuwa machozi yako."

Akaendelea kuanika. "Yalikuwa ya nani?"

"Yangu."

Mwanangu, nimeishi na mama yako ukuta kwa ukuta, namjua anavyolia kwa kitunguu, kwa harusi, kwa mbuzi aliyekatika kamba. Sikuwa nimewahi kumwona ananyamaza. Alishika kibanio mkononi, akanitazama. Nikatamani anitukane.

Akasema, "Umeniacha nijizike peke yangu mwezi mzima."

"Ndiyo."

"Nimegawa viti."

"Ndiyo, wifi."

"Basi nirudishie msamaha wangu."

"Chukua," nikamwambia.

"Nimeuchukua," akasema. Akatupa kibanio kwenye beseni, akaingia ndani. Nikajua imekwisha, mke wa kaka yangu nimempoteza. Akatoka amevaa viatu. Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. "Unangoja nini?" akasema. "Washa gari."

Kule kwenye picha, yule mwenye mashine akamwambia ndugu wabaki nje, mama yako akamwambia, "Mimi nimeshakufa kwa ugonjwa huu, naujua kuliko wewe," akaingia. Alinishika mkono wakati mashine inabana. Inabana, mwanangu, usidanganye watu kwamba haiumi sana. Ni kama kufungiwa mlango wa gari na mtu mwenye kinyongo.

Wakakuta uvimbe. Mdogo kama punje ya choroko. Wakaingiza sindano, wakatoa kinyama, wakapima. Ndio ugonjwa wenyewe. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akasema, "Mama, umekuja mapema, una bahati." Mama yako akamjibu, "Hakuja mapema, ameletwa." Daktari akasema vyovyote vile, haujatembea kwenda kokote. Wakaukata na sehemu ndogo ya pembeni. Titi wameniachia. Limepungua kidogo, ni kama kona ya gari iliyogongwa ikanyooshwa. Haijarudi ilivyokuwa, lakini gari linakwenda.

Wamenieleza kwamba bila kuitwa na chujio lenu ningekuja pale punje imekuwa ngumi. Najua ningekuja lini. Nisingekuja.

Mama yako amehamia kwangu na godoro, paka, na kabati la vyombo, ambalo kweli limebomoa mlango. Ananiogesha. Ananilisha kwa kijiko nami mikono ninayo. Anazima taa nikisoma na kuwasha nikilala. Amenikataza kukohoa. Wakija wageni anawasimulia operesheni yangu kuanzia mwanzo, na kila akisimulia, daktari anazidi kuwa mrefu na mimi nazidi kuwa shujaa, mpaka juzi nilisikia kwamba nilikuwa macho wakati wananipasua na niliwaelekeza. Nikamwita jikoni nikamwambia, "Wifi, unasema uongo." Akasema, "Na wewe je?" Nikarudi sebuleni nikakaa.

Ule msamaha bado hajanipa. Nimemuuliza mara mbili. Anasema anaufikiria.

Sasa nakwenda hospitali kila siku ya kazi kwa mionzi. Mkono haunyanyuki kushika usukani, na mama yako hataki nibebwe na mtu mwingine. Kwa hiyo ninamfundisha. Maisha yake yote aliogopa gari, kaka yangu alimbembeleza mpaka akachoka. Sasa anaendesha. Nasema anaendesha kwa sababu sina neno jingine. Tunakwenda gia ya kwanza mwanzo mwisho. Jana mzee mwenye magongo mawili alitupita, akasimama kutungojea ili atusalimie vizuri. Mama yako anawapungia mkono wote wanaopiga honi, anadhani wanatuombea.

Hapo hospitali pana mteremko wa kuingilia getini. Wiki ya kwanza yote nilikuwa nabonyeza breki ya upande wangu, ile ya mwalimu, kimyakimya, naye anajisifu. Leo asubuhi tumefika pale, gari likaanza kushika kasi, mlinzi akaacha kiti chake, mama yako akapiga ukelele, "Wifi! Shika!"

Nikakunja miguu yangu juu ya kiti.

"Unayo ya kwako," nikamwambia.

Alilia, alinitukana, alimwita marehemu baba yako kwa jina lake la utotoni, halafu akaishika. Tumesimama katikati ya bustani ya mganga mkuu, maua yapo chini ya injini na mengine yapo juu yake, lakini tumesimama. Akazima gari mwenyewe. Akavuta breki ya mkono mwenyewe. Akakaa anahema, ameshika usukani kama mtu aliyeokolewa majini, wala hakunitazama.

"Haya," akasema, "nimekusamehe. Shuka, utachelewa."

Nikashuka.

Ninayekungoja Desemba, uje kumwona dereva wetu,

Shangazi yako